Chuma Huzaliwa Upya Motoni

Panga likikatika mikononi mwa mkulima wa Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, lawama huangukia jiti alilokuwa akilikata. Ndugu msomaji, usilitupe bado. Litazame pale lilipokatika. Ukiona punje kubwa zing'aazo mfano wa chumvi ya mawe, yamkini kosa lilianzia zamani, katika moto wa mhunzi.

Kwani chuma, kijapoonekana kitu kimoja, kimejengwa kwa chembe nyingi ndogo zilizoshikana mipakani mwao. Kikipigwa kingali baridi, chembe hizo hubonyea na kurefuka, mpango wake wa ndani ukavurugika. Chuma huwa kigumu, na mwisho hupasuka. Lakini kikigandamizwa kingali chekundu, penye mvurugiko mwingi, hasa mipakani, huzaliwa chembe mpya, ndogo na safi, nazo huenea hata zikachukua mahali pa zile zilizopondeka. Basi chuma cha moto hakilainiki tu, bali chajitengeneza kinapopigwa, au mara baada ya pigo.

Mhunzi hana kipimajoto, husoma rangi. Akichelewa, chuma hupoa na uzazi ule hukoma. Akikisahau motoni, chembe kubwa huzimeza ndogo, na hizo ndizo punje tulizoziona.

Hata reli za TAZARA, njia iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 na kupita Kisaki, ni za chuma kilichopitishwa kingali moto baina ya magurudumu mazito.

Lililo gumu zaidi ni aloi za nikeli, zitumikazo penye joto kali katika injini za ndege na mitambo ya umeme wa gesi, kama ile ya Kinyerezi, Dar es Salaam. Ndani yake mna vijipunje vidogo mno vinavyozuia mipaka ya chembe isisogee. Aloi hizo nyingi hugandamizwa kwenye joto la kadiri ya digrii 1,000 hadi 1,150 za Selsiasi. Likipungua, hupasuka, likizidi, vijipunje huyeyuka ndani ya aloi na chembe hukua ovyo. Na sahani ya injini huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ikivunjika, vipande vyake huweza kutoboa ganda la injini.

Kwa hiyo wataalamu hugandamiza kwanza vipande vidogo vya mviringo, huvizimisha majini papo hapo ili hali ya ndani isibadilike, kisha huvikata na kuzipima chembe zake kwa hadubini.