Samaki wa bahari sebuleni Geita: Maji kwanza, samaki baadaye

KWA mkazi wa Geita au Shinyanga, samaki ni sato, sangara na dagaa wa Ziwa Victoria. Bahari iko mbali, na wengi wamewaona samaki wake wa rangi kwenye televisheni tu.

Hata hivyo, mwenye nyumba ya wageni Katoro au duka Kahama anaweza kuwafuga samaki hao ndani ya tangi la kioo, wakawa kivutio kwa wateja. Kinachowaangusha wengi wanaoanza ni haraka. Tangi linajazwa leo, samaki wanatiwa kesho, na baada ya siku chache wanaopolewa wamekufa, pamoja na fedha iliyowanunua.

Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati yenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka kwenye mawe, mchanga na chujio. Muda wote huo pampu hufanya kazi bila samaki hata mmoja, huku zikitupwa punje chache za chakula zioze na kuwalisha bakteria. Mfugaji wa kuku, ambaye huandaa banda kabla ya kuleta vifaranga, hatashangazwa na hili.

Tangi la lita 200 ni rahisi kulitunza kuliko dogo, kwa kuwa maji mengi hayachafuki wala kupata joto upesi. Lakini maji hayo pekee yana uzito wa kilo 200, hivyo meza ya kawaida haifai. Fundi atengeneze stendi ya chuma.

Kila lita huhitaji gramu 35 za chumvi, yaani kilo 7 kwa tangi zima. Hapa ndipo kishawishi kilipo. Chumvi ya dukani, hata ile ya Uvinza, ni nzuri kwa mboga, lakini haina kalsiamu na magnesi kwa kiasi kilichomo baharini. Inunuliwe chumvi maalumu ya matangi ya samaki, na mwenye tangi awe na kipimo cha chumvi.

Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Mchanga nao usichotwe popote. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, karibu na mialo na marundo ya marudio, mchanga unaweza kuwa na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu.

Kwenye joto la Shinyanga maji hupungua kila siku. Anayeanza huongeza maji ya chumvi, na hapo anakosea, kwani kinachopaa ni maji tu, chumvi yote inabaki. Kila siku huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi, na joto la tangi libaki karibu nyuzi 25. Umeme nao ukikatika saa kadhaa, samaki hukosa hewa. Pampu ndogo ya betri ni ya lazima kama tangi lenyewe.

Baada ya vipimo kuonyesha amonia na nitriti ni sifuri, huingizwa samaki wawili wadogo, na wengine husubiri wiki kadhaa. Mfuko waliosafiria huelea kwanza ndani ya tangi, kisha maji ya tangi huongezwa humo kidogo kidogo kwa karibu saa moja.

Anayeona gharama ni kubwa ana njia ya karibu zaidi. Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo wenye rangi zinazoshindana na za baharini, na kwa miaka mingi wamesafirishwa kutoka Kigoma kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Hao hawahitaji chumvi ya bahari, ingawa wiki za kusubiri bakteria ni zile zile. Kabla ya kuwaagiza, ofisa uvuvi wa wilaya aulizwe kuhusu kibali cha kusafirisha samaki hai.