Uwezo wa Mungu Mikononi mwa Mja

Fikra ya kupewa uwezo wa Mungu, hata kwa siku moja, huwajia watu wa dini zote na wasio na dini pia, kwa sababu chimbuko lake ni maumivu ambayo hakuna binadamu aliyesalimika nayo. Mzazi anayemzika mtoto wake, mkulima anayetazama mawingu yakilipita shamba lake bila kuacha tone, na raia anayemwona dhalimu akizeeka kwa raha, wote huuliza kwa nini Mwenyezi Mungu hakuingilia kati. Na anayeuliza hivyo hachelewi kuwaza angefanya nini yeye kama mamlaka hayo yangekuwa yake. Jibu analolitoa lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa hufichua jinsi anavyouelewa wema, haki, na hasa uhuru wa binadamu wenzake.

Wanateolojia, yaani wataalamu wa elimu inayomhusu Mungu, humtaja Mungu wa dini za Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu kwa sifa tatu ambazo zikiwekwa pamoja huzaa ugumu: ana uwezo juu ya kila kitu, anajua kila kitu, na ni mwema. Ikiwa anaweza kuuondoa uovu, anajua ulipo, tena haupendi, inakuwaje uovu ukaendelea kuwepo? Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1710, aliipa juhudi ya kulijibu swali hilo jina la teodisia, yaani utetezi wa haki ya Mungu mbele ya uovu uliomo duniani. Jibu lililotolewa mara nyingi katika mjadala huo hutegemea hiari, yaani uwezo wa mtu kuchagua kutenda au kuacha bila kulazimishwa, nayo hiari hupaswa kupatanishwa na kadari, yaani yale ambayo Mungu ameyajua na kuyapanga kabla hayajatokea.

Karani aliyetenda miujiza

Njia mojawapo ya kulipima swali hili ni kumkabidhi mtu wa kawaida uwezo huo ndani ya hadithi na kumfuatilia anakofika nao. Mwaka 1898 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha hadithi fupi ya karani aitwaye Fotheringay, ambaye siku moja, akiwa baa akibishana kwamba miujiza haipo, aliiamuru taa ipinduke na iendelee kuwaka, nayo ikatii. Baadaye karani huyo alishirikiana na mchungaji aitwaye Maydig kuutumia uwezo huo kwa manufaa ya umma, na katika usiku mmoja wakawaachisha ulevi walevi wote wa jimbo lao, wakageuza pombe kuwa maji, wakaboresha usafiri wa reli na kukausha kinamasi. Usiku ulipoonekana mfupi kwa kazi iliyosalia, mchungaji alishauri dunia isimamishwe ili kusikuche, na karani akaamuru hivyo. Uso wa dunia kwenye ikweta huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na hata mbali na ikweta kasi hiyo ni kubwa mno. Kwa hiyo dunia iliposimama ghafla, vyote vilivyokuwa juu yake viliendelea kwenda, majumba, miti na viumbe vikarushwa na kuangamia. Fotheringay, ambaye alinusurika, aliomba mambo yote yarudi yalivyokuwa kabla ya muujiza wa kwanza na yeye aondolewe uwezo ule.

Mkasa wa dunia kusimama unaonyesha kwamba uwezo mkubwa usioandamana na ujuzi wa kutosha ni balaa, lakini fundisho zito zaidi limo katika habari ya wale walevi. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anataka kuacha pombe, wala aliyepambana na kiu yake mpaka akaishinda, na kwa hiyo hakuna anayestahili sifa kwa kuacha kwake. Karani na mchungaji wake walizibadilisha nia za watu wengine kwa amri, badala ya kuanza na nafsi zao wenyewe. Hapo ndipo ilipo kasoro ya karibu kila ndoto ya kuwa na uwezo wa Mungu: anayeota huwaondolea wengine nafasi ya kuchagua, huku yake akiibakiza kamili. Katika mawazo yake, wezi hawawezi tena kuiba na waongo hawawezi tena kudanganya, lakini yeye anayetoa amri anabaki huru kuamua nani abadilishwe na kwa kiasi gani.

Filamu ya Kimarekani *Bruce Almighty*, iliyotoka mwaka 2003, ililigusa jambo hilohilo kwa njia ya vichekesho. Mtangazaji wa televisheni wa mji wa Buffalo, aliyekuwa akimlaumu Mungu kwa masaibu yake, anakabidhiwa uwezo wa Mungu kwa masharti, na mojawapo ni kwamba asiingilie hiari ya watu. Anapochoshwa na wingi wa maombi anayakubali yote kwa mkupuo, na matokeo yake washindi wa bahati nasibu wanakuwa wengi kiasi kwamba kila mmoja anaambulia vijisenti, kwani maombi ya watu hugongana na kumridhisha kila mwombaji hakuwezekani. Pigo kubwa zaidi linampata pale mwanamke anayempenda anapomwacha, naye, pamoja na uwezo wake wote, hawezi kumfanya ampende tena, kwa sababu upendo uliolazimishwa si upendo.

Je, Mungu angeweza kuumba watu wasiokosea?

Wanafalsafa wamelibishania jambo hili kwa ukali kuliko watunzi wa hadithi. Mwaka 1955 mwanafalsafa wa Australia J. L. Mackie aliandika kwamba, ikiwa mtu anaweza kuchagua jema kwa hiari yake mara moja, hakuna kinachozuia kimantiki achague jema kwa hiari yake kila mara. Basi Mungu mwenye uwezo wote angeweza kuumba watu wa namna hiyo tangu mwanzo, na kwa kuwa hakufanya hivyo, sifa mojawapo anayopewa haina budi kuwa na kasoro. Mmarekani Alvin Plantinga, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, alijibu kwamba Mungu anaweza kumuumba mtu mwenye uwezo wa kuchagua, lakini namna mtu huyo atakavyochagua imo mikononi mwa mtu mwenyewe, na iwapo Mungu ndiye atakayelisababisha chaguo, basi halitakuwa tena chaguo la huyo mtu. Hoja hii inashabihiana na fundisho la kale la Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, kwamba uwezo wa Mungu unahusu yote yanayowezekana, na kwamba jambo linalojipinga lenyewe, kama mraba wenye pembe tatu, si kitu ambacho mtu anaweza kusema Mungu ameshindwa kukitenda.

Swali jingine linahusu ujuzi. Ikiwa Mungu anajua leo kwamba mtu fulani ataiba kesho, mtu huyo ana nafasi gani ya kutoiba? Boethius, msomi wa Kirumi aliyeandika kitabu chake mashuhuri mnamo mwaka 524 akiwa kifungoni akisubiri kuuawa, alijibu kwamba Mungu hakai ndani ya wakati kama binadamu, bali huyaona yaliyopita, yaliyopo na yajayo kwa pamoja, kama mtu aliye kileleni anavyoviona vyote vilivyo chini yake. Kumwona mtu akitembea hakumfanyi atembee, na vivyo hivyo ujuzi wa Mungu, kwa maoni yake, hausukumi mkono wa mwizi.

Basra na ndugu watatu

Katika ulimwengu wa Kiislamu mjadala huu ulipamba moto mapema sana, hasa katika mji wa Basra, ulioko Iraki ya leo. Katika karne ya 8 lilichipuka huko kundi la Muʻtazila, ambalo Wasil bin Ata hutajwa kuwa mwasisi wake, likifundisha kwamba haki ya Mungu inadai binadamu awe mtendaji halisi wa matendo yake, kwani isingekuwa haki kumwadhibu mja kwa tendo ambalo hakuwa na uwezo wa kuliepuka. Baadhi ya wanazuoni wa kundi hilo walikwenda mbali zaidi na kusema kwamba Mungu hana budi kumtendea kila mja lililo bora kwake.

Abu al-Hasan al-Ashari, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanazuoni wa kundi hilo aitwaye al-Jubbai kabla ya kuachana nalo, anasimuliwa kumuuliza mwalimu wake kuhusu ndugu watatu, mmoja aliyekufa akiwa mwema, wa pili aliyekufa akiwa mwovu, na wa tatu aliyekufa angali mtoto. Mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa aishi ili naye achume thawabu, ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua na kupotoka, hivyo kufa mapema kulikuwa bora kwake. Lakini hapo yule mwovu atapaza sauti kutoka motoni akiuliza kwa nini naye hakufishwa utotoni. Simulizi inasema mwalimu alikosa jibu. Ashari alihitimisha kwamba Mungu hafungwi na vipimo vya mja, na wafuasi wake wakafundisha kwamba Mungu ndiye anayeliumba tendo, na mja hulichuma, kwa maana kwamba hulifanya kuwa lake na kubeba dhima yake.

Mafundisho hayo yanawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yameambatana kwa karne nyingi na mtazamo wa Ashari, na mtoto wa madrasa hujifunza mapema kwamba kuamini kadari, ya kheri na ya shari, ni nguzo ya sita ya imani. Hekima ya Waswahili hubeba pande zote mbili: anayesema kwamba jitihada haiondoi kudura ndiye huyohuyo anayemkumbusha mwanawe kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, wala haoni mgongano, kwa sababu methali ya kwanza humfariji aliyekwisha kujitahidi, na ya pili humwamsha ambaye bado hajaanza.

Pale hiari isipotosha kuwa jibu

Uadilifu unadai ikubaliwe kwamba hoja ya hiari haielezi kila kitu. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon nchini Ureno ulipigwa na tetemeko la ardhi asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa waumini, kisha yakafuata mawimbi makubwa ya bahari na moto, na maelfu kwa maelfu ya watu wakafa. Hakuna chaguo la binadamu lililoitikisa ardhi ile, na Mfaransa Voltaire aliyatumia maafa hayo kuwashambulia waliofundisha, kama Leibniz, kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko yote iliyowezekana. Jean-Jacques Rousseau alimjibu kwa barua mwaka 1756 akisema kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini zenye ghorofa sita au saba, na kwamba watu wangetawanyika katika nyumba ndogo madhara yangekuwa machache. Jibu hilo halimalizi fumbo la mtoto aliyefunikwa na kifusi, lakini linaonyesha kwamba hata katika msiba wa asili kuna fungu ambalo binadamu wamekabidhiwa.

Serikali ya Ureno, chini ya waziri ambaye baadaye aliitwa Markisi wa Pombal, ililichukua fungu hilo kwa uzito. Ilituma maswali parokiani kuuliza tetemeko lilidumu muda gani na nini kilionekana baharini na visimani, hatua inayohesabiwa miongoni mwa mianzo ya sayansi ya matetemeko, na nyumba mpya zikajengwa zikiwa na fremu za mbao ndani ya kuta ili zistahimili mtikisiko. Watu walioendelea kusali katika makanisa yaliyobaki ndio hao waliojenga upya, na sala yao haikuwazuia kuuliza namna kuta zinavyoanguka.

Hatari ya kuiishi ndoto

Ndoto ya uwezo wa Mungu huwa hatari kubwa pale mtu anapoacha kuiwaza na kuanza kuiishi juu ya wenzake. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya wafuasi wa kikundi cha kidini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wachunguzi walieleza kwamba wengi wao waliaminishwa kwamba kufunga chakula hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Misiba hiyo haithibitishi ubaya wa imani, kwa kuwa waliokufa walikuwa wanamtafuta Mungu kwa moyo wa dhati. Inathibitisha ubaya wa binadamu kuzitwaa nia za binadamu wengine akidai kusema kwa niaba ya Mwenyezi, huku akijiachia yeye uhuru wote ambao Mungu mwenyewe, kwa mafundisho ya dini zilizotajwa hapo mwanzo, hakuwanyima waja wake.

Kwa hiyo swali la mtu angefanya nini akipewa uwezo wa Mungu lina matumizi ya kila siku, kwani hakuna asiye na kiasi fulani cha uwezo juu ya wengine: mzazi anao juu ya mtoto, mwalimu juu ya mwanafunzi, kiongozi wa dini juu ya waumini wake, na mtawala juu ya raia. Anayetaka kuwaona watu wakiwa wema ana kazi ya kuwafundisha, kuwashawishi, kuwaonyesha mfano na kuwaondolea vikwazo vinavyofanya wema kuwa mgumu, na kisha kuvumilia uchungu wa kuwaona wengine wakikataa. Njia hiyo ni ndefu na huacha makosa mengi duniani, lakini ndiyo pekee ambayo mwisho wake mtu mwema huwa ni mwema kwa nafsi yake, na muumini huwa ameamini kweli.