Namna Mbili za Picha za Kompyuta

Picha zinazotengenezwa kwa kompyuta ni za namna mbili, na kila namna ina kazi yake. Asiyezipambanua huweza kuharibu kazi na kupoteza mali.

Namna ya kwanza ni picha ya nukta. Mfano wake ni shanga zilizopangwa safu kwa safu: kila shanga ina rangi moja tu, lakini zikitazamwa kwa mbali huonekana ua au uso wa mtu. Nukta hizo huitwa pikseli. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza katika kompyuta picha ya mtoto wake mchanga. Ilikuwa na safu 176, na kila safu nukta 176, yaani nukta 30,976 kwa jumla.

Namna ya pili ni picha ya mistari, iitwayo vekta. Hii haitunzi nukta, bali maagizo. Fundi apimaye msingi wa nyumba ya mviringo hupiga kigingi katikati, hufunga kamba, kisha huzunguka nayo. Kamba ikiwa fupi au ndefu, duara hutoka sawasawa. Vivyo hivyo kompyuta huambiwa mahali pa kigingi, urefu wa kamba na rangi, nayo huchora upya kila mara.

Tofauti hudhihirika picha inapokuzwa. Mathalani, alama ya shule ina nukta 200 kwa upana, na watu wataka kuichapa juu ya kitambaa chenye upana wa mita 2. Nukta hazizaliani, hunenepa tu, hata kila moja ikawa na upana wa sentimita 1. Kingo za herufi huwa kama ngazi, kitambaa hakifai, na fedha za wazazi zimekwenda bure. Kama alama hiyo ingalichorwa kwa mistari, ingalitoka safi.

Lakini nukta zisidharauliwe. Uso wa mtu, mawingu na maji ya ziwa yana rangi zinazobadilika kidogo kidogo; kuyaeleza yote kwa mistari ni kazi ngumu mno. Ndiyo sababu kamera hutumia nukta.

Basi alama, herufi na ramani yafaa zichorwe kwa mistari, na mchoro wa asili utunzwe. Maana kugeuza mistari kuwa nukta ni jambo jepesi, bali kurudisha nukta kuwa mistari ni taabu.