Roboti ya Shule, Kanuni za Shindano na Karakana za Eastlands

Roboti ya mashindano ya wanafunzi hupimwa mezani kabla ya kupimwa uwanjani, kwa sababu kila shindano linaloheshimika lina kitabu cha kanuni kinachoeleza malighafi zinazoruhusiwa, idadi ya mota zinazoweza kufungwa, aina ya betri na mitambo ambayo haitakubaliwa hata kama imeundwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kwa shule zilizo Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Pumwani, Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, kitabu hicho kina uzito wa pekee, kwa kuwa mitaa hiyo imezungukwa na vyuma, mota kuukuu na mafundi hodari, lakini sehemu kubwa ya utajiri huo haiwezi kuvuka meza ya mkaguzi. Timu isiyojua mpaka huo uko wapi hujikuta imemaliza fedha na muda wake ikiunda mashine nzuri ambayo haitashindana.

Kanuni za mashindano hutofautiana sana kwa ukali. Shirika la FIRST, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, huendesha shindano la watoto ambalo roboti yake hujengwa kwa vipande vya LEGO pekee, vikiwa katika hali vilivyotoka nayo kiwandani, na kamba na mirija tu ndiyo inayoweza kukatwa, ilhali mota hazipaswi kuzidi 4. World Robot Olympiad, mashindano yaliyoanza mwaka 2004, nayo yana kitengo ambacho roboti sharti itoshe ndani ya mchemraba wenye upande wa sentimita 25 kabla ya kuanza kazi. Katika shindano la vipande vya LEGO pekee fundi wa jua kali hana la kufanya, na shule isiyo na uwezo wa kununua seti yenyewe haina njia ya kupenya. Kwa upande mwingine yapo maonyesho ya kisayansi ya shule za Kenya, yale ambayo kwa miaka mingi yalijulikana kama Science Congress, ambako mwanafunzi anaweza kutumia karibu kila kitu alichookota mradi ni salama na anaweza kuwaeleza majaji jinsi kinavyofanya kazi.

Kati ya ncha hizo mbili kuna kundi la mashindano ambalo ndilo lenye mafunzo mengi zaidi ya uhandisi, nalo linawakilishwa vyema na FIRST Tech Challenge, shindano la vijana wa umri wa takriban miaka 12 hadi 18. Hapa kanuni imegawanya roboti sehemu mbili. Sehemu zinazotoa na kuongoza nguvu, yaani mota, betri na kifaa cha udhibiti, lazima zitoke katika orodha iliyoidhinishwa. Lakini mwili wa roboti, kuanzia fremu na mikono hadi sahani na viungo, unaweza kutengenezwa kwa malighafi ya kawaida inayopatikana na kila mtu. Sababu ya mgawanyo huu ni usawa. Timu yenye mfadhili tajiri ingeruhusiwa kununua mota yoyote duniani, shindano lingekuwa la pochi. Na kama kila bamba la chuma lingelazimika kutoka kwa msambazaji mmoja wa ng'ambo, shule ya Kayole ingelipia usafiri wa kitu ambacho kinauzwa barabara ya pili kutoka langoni mwake.

Mgawanyo huo ndio unaopaswa kuelekeza matumizi ya fedha. Fedha chache zilizopo ziende kwenye vile visivyo na mbadala wa karibu, yaani mota, betri na kifaa cha udhibiti, na mwili uachiwe karakana za mtaani. Timu nyingi hupenda kufanya kinyume, kwa kuwa fremu inayong'aa ya kununuliwa hupendeza kwenye picha, kisha hubaki na mota mbili za kuendesha roboti nzima ilhali kanuni ingewaruhusu 8.

Kuhusu mwili, Eastlands haina haja ya kuomba. Karakana za Kamukunji, zilizo jirani na Gikomba na Shauri Moyo, zilikuwa zimekwisha kujijengea jina kabla Rais Daniel arap Moi hajawatembelea mafundi wake mwaka 1985, ziara iliyofuatwa na ujenzi wa vibanda vya kuwakinga na lile jua ambalo lilikuwa limeipa sekta nzima jina la jua kali. Bidhaa inayojulikana sana ya mafundi hao ni sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, na ustadi unaolifanya sanduku hilo lihimili safari ya basi ndio huohuo unaohitajika kwenye fremu ya roboti: bamba jembamba likikunjwa ukingoni kwa pembe mraba hupata ugumu ambao bamba bapa la unene uleule halina, kwa sababu sehemu iliyosimama hupinga kupinda. Kwa hiyo timu inaweza kupata fremu imara bila kutumia chuma kinene, jambo lenye maana kubwa kwa mashine inayosukumwa na mota ndogo.

Uchaguzi wa malighafi yenyewe huanza na uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua au cha kawaida ina uzito unaokaribia gramu 7.9, wakati ya alumini ni gramu 2.7, na ya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti ni gramu 1.2 hivi. Vipande vya alumini vinavyobaki kwa mafundi wa madirisha, ambao karibu kila mtaa unao, huwa na umbo la mirija mraba na pembe ambalo tayari lina ugumu, hivyo vinafaa fremu kuliko chuma chochote cha bei hiyo. Plastiki nayo hudanganya macho, kwa maana akriliki na polikaboneti zote mbili hung'aa kama kioo zikiwa dukani, lakini akriliki ikigongwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, ilhali polikaboneti hupinda na kurudi. Na roboti za mashindano hugongana mara nyingi. Plaiwudi hudharauliwa bila sababu. Ni nyepesi, hukatwa kwa msumeno wa kawaida, na mkono uliokosewa vipimo hutengenezwa upya jioni hiyohiyo, ndiyo maana inafaa angalau kwa majaribio ya kwanza kabla fundi hajalipwa kukata alumini.

Kipimo cha mwili mzima pia kinamfaa fundi wa Kamukunji zaidi ya inavyodhaniwa. Roboti ya FIRST Tech Challenge, kabla mchezo haujaanza, sharti itoshe ndani ya mchemraba wenye upande wa inchi 18, ambazo ni futi moja na nusu, na mafundi wengi bado hupima kwa inchi. Tatizo hujitokeza kwenye bolti, kwa kuwa sehemu za kielektroniki na mota nyingi za orodha hufungwa kwa skrubu nyembamba za milimita 3 au 4, wakati karakana za masanduku na mageti zimezoea bolti nene zaidi. Matundu yakishatobolewa makubwa hakuna kanuni wala gundi itakayoyarudisha.

Vitu vilivyopigwa marufuku vinastahili kusomwa pamoja na sababu zake, la sivyo huonekana kama ukali usio na maana. Risasi, ile metali nzito, hairuhusiwi, ingawa vipande vyake vya kusawazisha magurudumu vimezagaa kwenye karakana za magari na vingefaa sana kuituliza roboti isipinduke. Msomaji wa Kenya hahitaji mfano wa mbali kuelewa hofu hiyo: katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Vimiminika, vioo na ncha kali zilizo wazi pia havikubaliki. Chombo chenye gesi iliyofungiwa ndani nacho hukataliwa, na hapa ndipo kishawishi kikubwa zaidi kilipo, kwani ile nguzo ya gesi inayoinua mlango wa nyuma wa gari ingekuwa msaada mkubwa kwa mkono wa roboti, nayo huuzwa kwa bei ya mtumba kwenye maduka ya vipuri. Mbadala unaoruhusiwa ni springi au mipira inayovutika, ambayo huhifadhi nguvu bila shinikizo la gesi.

Mitambo ina kanuni yake ya hila kidogo. Kitabu huzungumzia uhuru wa mwendo, maana yake ni idadi ya namna ambazo sehemu moja inaweza kusogea kuhusiana na nyingine. Bawaba ya mlango ina uhuru mmoja kwa kuwa mlango hufunguka na kufungika tu, ilhali bega la binadamu lina tatu. Mtambo ulionunuliwa ukiwa tayari haupaswi kuzidi uhuru mmoja, isipokuwa michache iliyotajwa, kama vile magurudumu maalumu yanayoiwezesha roboti kwenda upande bila kugeuka. Hivyo kiganja cha roboti chenye kifundo kinachozunguka na vidole vinavyofumba, kikinunuliwa kizima, hukataliwa, lakini timu ikijiundia kiganja cha namna hiyo kwa vipande vya kawaida hakuna wa kuipinga. Reli ya droo, inayouzwa kwa maseremala wa Gikomba na katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hupita bila mjadala, kwa sababu hufanya jambo moja tu, nalo ni kurefuka. Reli mbili au tatu zikifungwa pamoja na kuvutwa kwa kamba huipa roboti mkono unaopanda mara kadhaa ya kimo chake.

Mkono huo utainuliwa na mota ya orodha, na hesabu yake ni nyepesi. Mzigo wa kilo 1 ulioshikwa sentimita 30 kutoka kwenye ekseli huhitaji nguvu ya mzunguko ya takriban nyutoni-mita 3. Ikiwa mota hukwama ifikapo nyutoni-mita 0.1, basi ni busara isitumike zaidi ya nusu ya hapo, kwani mota inayofanya kazi karibu na kukwama huchemka haraka. Gia za kupunguza mwendo mara 60 zitaifikisha kwenye 3 kamili, bila kuhesabu msuguano, yaani haitoshi. Timu ina hiari ya kuongeza gia na kukubali mkono wa polepole, au kuufupisha mkono hadi sentimita 20 na kubakiwa na akiba.

Mota ya waipa ya matatu iliyokwisha kazi ingeuinua mkono huo kwa urahisi, kwa kuwa hutumia volti 12 na ndani yake mna gia ya mfano wa skrubu inayokataa kurudi nyuma umeme ukikatika. Haimo katika orodha ya FIRST Tech Challenge. Cha kuchekesha ni kwamba shindano kubwa zaidi la shirika hilohilo, FIRST Robotics Competition, huruhusu mota za waipa na za vioo vya magari, jambo linaloonyesha kuwa kinachokatazwa si mota yenyewe bali ni kuvuruga ulinganifu wa shindano moja. Mota za namna hiyo, pamoja na zile zitolewazo kwenye printa mbovu, zina kazi nyingine ya halali: kumfundisha mwanafunzi kufungua, kupima na kuunganisha kabla hajagusa mota ya bei ghali.

Kuhusu betri, hakuna uhuru wa kuchagua. Inayokubaliwa ni ya nikeli ya volti 12, ikiwa na fyuzi ya ampea 20, na seli za lithiamu za kompyuta kuukuu huwekwa kando, kwa maana seli ya lithiamu iliyotobolewa au kubanwa inaweza kuwaka yenyewe, na moto wake huendelea kutoka seli moja hadi nyingine.

Linabaki suala la kalenda. Msimu wa FIRST Tech Challenge hufunguliwa Septemba, wakati shule za Kenya ziko muhula wa tatu zikielekea mitihani, hivyo kazi kubwa ya ujenzi huangukia likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Mota na betri, ambazo husafiri kutoka nje na kupitia forodha, huagizwa kabla ya hapo, hata mchoro wa fremu ukiwa haujakamilika. Na fremu yenyewe ipelekwe karakanani mapema Desemba, kwa sababu kadiri Januari inavyokaribia, fundi wa Kamukunji huwa ameshika masanduku ya wanafunzi wa bweni na hana muda wa kukunja kipande kimoja cha futi moja na nusu.