Kapu la Wahusika Watatu: Utangulizi kwa Mchezaji Mpya

Nadhani umefika hapa kwa njia ileile waliyopita vijana wengi ninaowafundisha hapa Kisangani. Kaka amekuwekea Mobile Legends: Bang Bang kwenye simu, umefungua orodha ya wahusika, ukakuta nyuso zaidi ya 120 zinakutazama, huyu na upanga, yule na bunduki, mwingine na umeme mikononi. Ukauliza nianze na nani. Jirani wa Makiso akakutajia jina lake, binamu wa Mangobo akalicheka na kukutajia la kwake. Usivunjike moyo. Swali lako ni zuri, na lina elimu ndani yake kuliko wanavyodhani wazee wanaopita barazani wakitukuta tumeinamia simu.

Tuanze chini kabisa. Mhusika ni kiumbe mmoja unayemwongoza kwa vidole vyako tangu mechi inapoanza hadi inapokwisha. Mko watu 5 dhidi ya 5. Kila timu ina kambi kwenye kona yake ya ramani, na kutoka kambi moja hadi nyingine kuna njia 3. Juu ya kila njia imesimama minara inayompiga adui anayesogea, na kila baada ya muda mfupi askari wadogo hutoka kambini wenyewe na kuifuata njia bila kuongozwa na mtu. Baina ya njia kuna pori lenye wanyama wa kuwinda. Kisha mto unaikata ramani nzima katikati. Anayevunja jengo kuu la kambi ya mwenzake ndiye mshindi. Idadi ya maadui uliowaangusha haihesabiwi mwishoni, ingawa vijana huihesabu kuliko kitu kingine chochote.

Hapo kwenye mto, mkaaji wa Kisangani ana heri. Mtu aliyekua akijua kwamba Lubunga iko ng'ambo na komini nyingine ziko huku, na kwamba anayechelewa kivukoni huchelewa kila anakokwenda, haelezwi mara mbili kwa nini mapigano makubwa hutokea mtoni. Wanyama wawili wenye faida kubwa kuliko wote, Kobe na yule wanayemwita Lord, hukaa hukohuko. Timu inayofika kwanza huchagua pa kusimama.

Umbo hili la mchezo halikuzaliwa kwenye simu. Mwaka 2003 wapenzi wa mchezo wa kompyuta uitwao Warcraft III walitengeneza ramani yao wenyewe, DotA, na kutoka hapo ikazaliwa familia nzima: League of Legends mwaka 2009, Dota 2 mwaka 2013, na Mobile Legends mwaka 2016. Mwaka 2019, katika michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia iliyofanyika Ufilipino, watu walivishwa medali kwa kuucheza. Naitaja historia hii kwa sababu moja tu. Kazi za wahusika zimebadilika kidogo sana katika miaka yote hiyo, kwa hiyo utakachojifunza kwenye simu leo utakikuta kesho kwenye kompyuta.

Kazi zenyewe ndizo hizi. Yupo anayetangulia na kupokea mapigo kwa niaba ya wengine. Wachezaji humwita tanki, nami hupenda neno la Kiswahili la kijeshi, kifaru, kwa kuwa linamwonyesha mnyama na chuma kwa pamoja. Yupo mpiganaji, anayevumilia kiasi na kuumiza kiasi. Yupo mviziaji, anayetokea porini, anamwangusha mtu mmoja na kutoweka. Yupo mchawi, anayepiga kwa nguvu za ajabu kutoka mbali (usiogope neno, hapa ni fundi tu wa moto na umeme). Yupo mlenga shabaha, dhaifu mwanzoni, wa kutisha mwishoni akishakusanya dhahabu ya kununulia silaha. Na yupo msaidizi, anayeponya na kulinda.

Sasa tuingie ndani ya mhusika mmoja. Kila mmoja ana stadi, yaani mambo anayoweza kufanya. Kwa kawaida ni 4: moja hufanya kazi yenyewe bila kubonyezwa, na tatu unazibonyeza. Ukishaitumia stadi, inabidi isubiri kabla ya kutumika tena. Kusubiri huko tunakuita muda wa kupoa. Mchezaji mgeni hutazama nguvu ya stadi. Mzoefu hutazama muda wa kupoa, kwa sababu adui ambaye stadi yake haijapoa, kwa sekunde hizo chache, ni kama mvuvi asiye na nyavu.

Piga hesabu kidogo nami. Wahusika 120 mara stadi 4 ni mambo 480 ya kukumbuka. Timu za watu 5 zinazoweza kuundwa kutoka wahusika hao ni zaidi ya milioni 190. Hakuna kichwa kinachoanza hapo. Lakini chukua mechi zako 100 za mwanzo. Ukizigawa kwa wahusika 25, kila mmoja anapata mechi 4, na mechi 4 hazitoshi hata kujua vitufe viko wapi. Ukizigawa kwa watatu, kila mmoja anapata 33. Kwenye mechi ya ishirini hivi, vidole huacha kuulizana, na macho yanapata nafasi ya kuinuka na kutazama ramani. Hiyo ndiyo faida ninayoitaka kwako. Kundi hilo dogo la wahusika unaowajua kweli naliita kapu.

Hapa kwetu neno kapu lina wenyewe. Wavuvi wa Wagenya husimika magogo yao katikati ya maporomoko na kuning'iniza makapu pale maji yanapokimbia. Ukiwatazama kutoka ukingoni utadhani ustadi wote uko kwenye kapu, maana ndilo kubwa na ndilo linalopigwa picha. Kumbe gogo lilishafanya nusu ya kazi: liliwekwa na mtu aliyejua samaki atapita wapi. Mhusika wako wa kwanza mchague kwa jicho hilo. Awe mtu atakayekufundisha samaki wanapita wapi.

Kwa sababu hiyo mimi humpa mgeni kifaru, na kwa kawaida humpa Tigreal. Najua, ulitaka mhusika mwenye mbawa. Nivumilie kidogo. Tigreal ana ngao na afya nyingi, kwa hiyo ukikosea hufi papo hapo. Unabaki hai na kuona kosa lako limezaa nini, na hilo ni darasa ambalo mviziaji hakupi kamwe, kwani yeye akikosea anatazama skrini ya kijivu ya aliyekufa. Stadi yake ya kwanza hupunguza mwendo wa adui. Ya pili humpeleka mbele na kuwarusha juu wale anaowagonga. Ya tatu, ile kubwa, huwavuta maadui wote walio karibu naye na kuwaduwaza, yaani kwa muda mfupi hawawezi kutembea wala kupiga. Kuwavuta ni rahisi. Shida ni kujua lini. Ukiwavuta maadui watatu wakati wenzako wako mbali, umejikusanyia wauaji wako mwenyewe. Kwa hiyo Tigreal hukulazimisha kuuliza kila wakati: wenzangu wako wapi? Mchezaji anayeuliza hivyo bila kuamrishwa ameshautoka ugeni, hata kama hajamwangusha adui hata mmoja.

Wa pili awe mtu wa kuumiza kutoka mbali. Eudora anafaa sana: mchawi wa umeme, na stadi yake ya kuduwaza humfuata adui uliyemchagua, huhitaji kulenga. Layla naye anafaa, mlenga shabaha ambaye pigo lake huuma zaidi adui anapokuwa mbali zaidi. Layla hana stadi ya kuruka na kukimbia. Wengi humdharau kwa hilo. Mimi namsifu kwa hilohilo, maana atakuzoesha kusimama mahali salama kabla hatari haijafika.

Wa tatu naacha moyo wako uchague, mradi awe wa kazi tofauti. Balmond, mpiganaji anayezunguka na shoka lake na kurudishiwa afya kila anapoangusha kitu, atakuonyesha pori bila kukuadhibu sana. Wenye kompyuta watamkuta ndugu yake katika League of Legends, Garen, ambaye naye huzunguka na upanga, na hatumii mana kabisa, yaani ile akiba ya nguvu ambayo wahusika wengi huitumia kulipia stadi zao.

Utauliza kwa nini watatu, si mmoja. Kwa sababu ndani ya timu mhusika mmoja hachukuliwi na watu wawili, na mwenzako anaweza kumwahi. Ukipanda ngazi utakutana pia na uteuzi wa zamu, ambapo kila upande hupiga marufuku wahusika kadhaa kabla ya mechi kuanza. Mwenye kapu la mtu mmoja hupokonywa kapu lote kwa kidole kimoja.

Na yule Fanny, anayeruka kwa kamba za chuma kutoka ukuta hadi ukuta, ambaye binamu yako anamwonyesha kila jioni? Hapa lazima tuzungumze juu ya mtandao. Kila unapobonyeza, habari husafiri hadi kwenye seva, kompyuta kubwa inayoamua kilichotokea, na jibu hurudi. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Frankfurt, karibu kilomita 6,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka: kwenda na kurudi ni sekunde 0.06 hata kama kila kitu ni kizuri, na nyaya hazinyooki, wala mtandao wetu wa simu jioni, watu wote wakiwa wamewasha mega zao za intaneti, si mzuri. Kamba za Fanny zinadai vidole vitatu vinne ndani ya sekunde moja, kwa pembe sahihi. Ucheleweshaji mdogo tu unamgongesha ukutani. Tigreal akichelewa kidogo bado ni ukuta. Kuchagua kwa kuangalia simu uliyo nayo, mtandao ulio nao na umeme unaokatika si unyonge, ni sehemu ya fani, kama vile mwendesha toleka, ile teksi ya baiskeli, anavyochagua barabara kwa kuangalia mvua iliyonyesha.

Neno moja utalisikia sana: meta. Maana yake ni wahusika wanaoonekana kuwa na nguvu zaidi kwa msimu huu, kwa sababu watengenezaji hurekebisha namba za nguvu za wahusika mara kwa mara. Kwa mechi zako 100 za mwanzo lipuuze kabisa. Tofauti ya namba huonekana pale wachezaji wote wawili wanapojua wanachofanya.

Leo usiku, kama betri imejaa, anza na mechi mbili dhidi ya kompyuta, ambako hakuna wa kukutukana. Mchukue Tigreal. Usimfukuze mtu. Simama mtoni, mbele kidogo ya mlenga shabaha wako, na usubiri wasogee.