Usisubiri sisimizi wakuambie una kisukari

Leo tuzungumzie kisukari na tiba ya jadi ya Kihindi iitwayo Ayurveda, kwani wapo wanaodhani kuwa anayetumia dawa hizo hana haja tena ya kupima damu.

Kwanza tuwape haki yao. Matabibu wa India ya kale, ambao elimu yao imo katika vitabu vya Charaka na Sushruta, waliuita ugonjwa huu madhumeha, yaani mkojo wa asali, kwa kuwa sisimizi waliufuata. Walitambua pia wagonjwa wa namna mbili: wembamba waliozaliwa nao, na wanene walioupata kwa kula sana na kukaa bila kazi. Hawa wa pili waliagizwa watembee na wapunguze chakula. Karne nyingi baadaye, Ibn Sina naye aliandika juu ya utamu wa mkojo huo.

Kilichobaki ni kujua sababu. Mwaka 1776 Mwingereza Matthew Dobson alionyesha kuwa utamu ule ni sukari, nayo imo hata katika damu. Mwaka 1889 von Mering na Minkowski walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Banting na Best wakapata insulini, na mwaka 1922 ikaanza kuokoa watu. Leo twajua: katika aina ya kwanza kongosho halitoi insulini, katika aina ya pili mwili hauitii insulini ipasavyo.

Sasa zingatia hili. Figo kwa kawaida haziachii sukari kwenye mkojo mpaka ile ya kwenye damu ipite kama milimoli 10 kwa lita. Lakini kisukari huhesabiwa kuanzia milimoli 7, mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula. Basi mwenye 8 ni mgonjwa, na sisimizi hawana habari naye! Huku macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu vinaharibika kimya kimya.

Je, karela na uwatu? Hivyo ni vyakula, na vyaweza kushusha sukari kiasi. Mwambie daktari wako kama unavitumia, kwani pamoja na vidonge sukari yaweza kushuka mno. Wala usiache dawa kwa ajili yake. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini, siku chache tu zatosha kumuua.

Tahadhari pia na dawa za unga na vidonge zisizojulikana zimetengenezwaje. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Ikiwa wewe ni mnene, au mzazi wako ana kisukari, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ni tone moja la damu ya kidole. Ushauri wa kale wa kutembea na kupunguza chakula, huo uushike.