Kabla ya Kunyanyua Gari, Lala Chini Yake

Mvua za kusini zikikaribia, mwishoni mwa Novemba au Desemba, gereji za Mtwara hupata wateja wa aina moja: wenye Hilux, Prado na Land Cruiser wanaotaka gari linyanyuliwe. Ni maafisa ugani, watu wa afya, wanunuzi wa ufuta na mpunga, ambao kazi huwashusha bonde la Ruvuma, Kitaya na vijiji vya jirani, kisha huwarudisha mjini jioni hiyohiyo. Wanachouliza ni inchi ngapi. Swali hilo limekaa vibaya, kwa sababu inchi unazolipia si lazima ziongezeke pale gari linapogusa.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, subiri gari lirudi kutoka bondeni siku ya matope, na usikubali lioshwe. Tandika gunia, lala chini yake, washa taa ya simu. Matope yenyewe yatakueleza. Sehemu iliyopita juu ya tope itakuwa na madoa yaliyorushwa na matairi. Sehemu iliyoburuzwa itakuwa imepigwa pasi: tope limelazwa kuelekea nyuma kwa mistari, na mara nyingine rangi imetoka na chuma kinang'aa. Andika kila kilichoburuzwa. Hiyo ndiyo orodha utakayompelekea fundi.

Kwenye gari nyingi zinazopita njia hizo, jina la kwanza kwenye orodha ni bakuli la difu la nyuma. Sababu ni malori. Wakati wa mavuno malori hupita udongo ukiwa bado haujakauka, matairi yao yanachimba mifereji miwili, na katikati linabaki tuta. Gari dogo likiingia mle, matairi yanafuata mifereji na difu linapanda tuta. Ukisikia gari limekwama na matairi yote yanazunguka kiulaini bila kushika, mara nyingi limekalia difu.

Hapo springi ndefu hazisaidii kitu. Difu la Land Cruiser ya mkonga, au difu la nyuma la Hilux, limo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na matairi. Springi ziko juu ya ekseli. Weka springi za kuinua sentimita 5, weka za 10 ukipenda: bodi itapanda, ngazi ya kupandia itapanda, mama mkwe atahitaji kigoda, lakini umbali kutoka difu hadi chini utabaki uleule. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na hata tairi hutoa nusu tu ya kilichoongezeka, kwa kuwa ekseli iko katikati yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Tairi lililoandikwa 245/70 R16 lina kimo cha milimita 749 hivi. La 265/75 R16 lina 804. Tofauti ni milimita 55, kwa hiyo difu linapanda milimita 27, upana wa vidole viwili hivi vya mtu mzima. Ni kidogo, ila kwenye tuta la tope laini vidole viwili ndiyo tofauti ya kupita na kuita trekta. Faida hiyo ina gharama zake. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo spidomita inasoma pungufu kwa asilimia 7 ukilinganisha na ilivyosoma mwanzo. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, na ule mto wa usalama ndio unaoula. Ukiona 50 mbele yako kijijini, huenda kweli unakwenda 53, na trafiki mwenye tochi hana habari na ukubwa wa tairi lako. Gari pia litakuwa zito kuondoka, na breki zitafanya kazi zaidi.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Kama kilichoburuzwa ni ngazi, bampa, tangi la mafuta au eksozi, hizo zinaning'inia kwenye bodi na chasisi, na hapo ndipo kunyanyua springi kuna maana. Lakini pima kwanza kama gari liko kwenye kimo chake cha kiwandani. Springi za miaka kumi na tano zilizobeba gunia za korosho kila msimu huwa zimelala. Nimeona pickup nyingi zikipelekwa "kunyanyuliwa" wakati zilichohitaji ni kurudishwa zilipokuwa. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kila upande, gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kila siku. Nyuma ikishuka sana kwa mzigo wa kawaida, tatizo lako ni nguvu ya springi, si kimo.

Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Springi hununuliwa kwa uzito. Watengenezaji wakubwa, Old Man Emu wa Australia mmojawapo, huuza springi za kimo kinachokaribiana kwa ugumu tofauti: za gari linalotembea tupu, za mzigo wa wastani, za mzigo mzito wa kudumu. Mwenye gari huchagua nzito "ili zidumu", kisha hutembea tupu siku nne kati ya tano. Kwenye rasta za barabara ya vumbi springi ngumu isiyo na mzigo haikunjiki. Tairi linarukaruka juu ya matuta madogo, na tairi lililo hewani halishiki kona wala breki. Kuongeza jani moja kwenye springi za nyuma, mtindo unaopendwa kwa sababu ni rahisi, huleta matokeo hayohayo. Kama mzigo wako mkubwa ni wa msimu wa korosho tu, chagua springi ya wastani na upunguze gunia mbili. Na shokapu zibadilishwe pamoja na springi. Shokapu fupi chini ya springi ndefu hufika mwisho kila tairi linaposhuka shimoni, na hugeuka kuwa mnyororo wa kuzuia ekseli, kazi ambayo haikuumbiwa.

Kiasi gani, basi? Kwa gari la kila siku, linaloanzia kwenye lami ya Mtwara hadi Mnivata, ile ya kilomita 50, kabla ya kuiacha barabara kubwa na kushuka mtoni, jibu langu ni sentimita 5 zisizidi, na zikiwa 4 ni bora zaidi. Juu ya hapo kila kitu kilichopimwa kiwandani huanza kudai marekebisho. Ekseli ya mbele ya Land Cruiser yenye koili huzunguka kidogo gari linapopanda, usukani hupoteza hamu ya kujirudisha wenyewe, na gari huanza kutangatanga kwenye lami. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha pembe. Mipira ya breki huvutika. Kitovu cha uzito wa gari nacho kimepanda: chukua gari lenye mita 1.5 kati ya matairi na kitovu cha uzito sentimita 75 juu ya ardhi. Kitovu hicho kikipanda kwa sentimita 5, uimara wake wa kutopinduka umepungua kwa asilimia 6, kabla hujafunga chochote kwenye keria.

Kuna moja ambalo mafundi wengi hulisahau, nalo lanitisha kuliko yote. Pickup nyingi zina valvu inayosoma mzigo na kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Inasoma kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli. Nyuma ikinyanyuliwa, kijiti kinashuka, valvu inaamini gari ni tupu, na breki za nyuma zinapunguziwa nguvu hata ukiwa umejaza. Muulize fundi atakifanyaje kijiti hicho. Akikuuliza kijiti gani, chukua funguo zako uondoke.

Prado na Hilux ambazo kila tairi la mbele linajitegemea zina hadithi nyingine. Difu la mbele limefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo linapanda na bodi, faida ambayo ekseli nzima haina. Lakini shafti zinazotoka difu kwenda tairini hukunjika zaidi, mpira unaozifunika huchanika, na mchanga huingia kwenye grisi. Zile spesa za juu ya shokapu ndizo mtego: spesa ya sentimita 2.5 inaweza kuinua mbele ya gari karibu sentimita 5, kwa sababu ya mkono wa chini, na mteja hupata mara mbili ya alichodhani. Tairi nalo linakosa nafasi ya kushuka.

Kuhusu mchanga wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, sitapoteza maneno. Mchangani kimo si kitu. Toa upepo kutoka psi 35 hadi 18, endesha polepole bila kukata kona kwa ghafla, na uwe na pampu ya kujazia kabla ya kurudi lamini.

Iwapo bado unanyanyua, ongeza mambo mawili ya bei ndogo. Difu hupumua kwa kitundu. Likiwa la moto likazama kwenye maji ya bondeni, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kwenye oili. Vuta bomba la mpira kutoka kwenye kitundu hicho hadi juu karibu na injini. Kisha, springi mpya zikishafungwa, alaimenti ipimwe siku hiyohiyo gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na yubolti zikazwe upya baada ya kilomita 500, maana majani mapya hukaa na yubolti hulegea.